Mkizima mkipanda Isyonje, tatizo lilianza mezani Kiwira

Mkuu, kwa ulivyoeleza: mko kumi na wawili, mnatoka Uyole, Mbeya, kwa baiskeli kwenda Tukuyu na kurudi siku hiyohiyo. Mkirudi mnakaa Kiwira kula wali maharage, nusu saa inageuka saa moja na nusu, halafu nusu ya kundi inazima, yaani inaishiwa nguvu, kabla ya kufika Isyonje, juu ya mpando. Waliotangulia kukujibu wamesema mazoezi hayatoshi. Sikubaliani nao. Mtu aliyefika Tukuyu kwa baiskeli ana mazoezi ya kutosha kurudi, ila mnakula chakula kizito mahali pabaya.

Kiwira ndipo mpando mrefu wa kurudi unapoanzia. Sahani ya wali na maharage, hasa yakiwa yameungwa kwa mafuta mengi, inakaa tumboni saa mbili hadi tatu. Tumbo linataka damu ya kusaga chakula, miguu nayo inataka damu ya kupanda, hapo ndipo kichefuchefu na kiungulia vinapoanza. Kwa hiyo angalieni mlima ulio mbele kabla ya kuamua pa kukaa, njaa ije baadaye. Mlo mkubwa wa siku uwe Tukuyu. Njia ya kutoka hapo hadi Kiwira inakipa chakula muda wa kushuka. Kiwira simameni dakika 10 tu: ndizi, maji, mnaondoka.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa safari ya saa nyingi, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kawaida ina kama gramu 25. Kiazi mviringo cha kuchemsha, cha ukubwa wa ngumi, kinakaribia hapohapo au kuzidi kidogo. Soda ya chupa ya 350 ml ni kama gramu 35 za sukari tupu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu ni gramu 12 tu. Kinapasha mwili lakini msikihesabu kama chakula. Ndizi mbili kwa saa, au ndizi moja na kiazi kimoja, zinatosha wengi. Na ziliwe mkiwa njiani, kidogokidogo kila baada ya dakika 20 au 30, bila kusubiri banda. Anayesubiri hadi njaa imuume amechelewa tayari, na hata akila hapo atakaa muda mrefu kabla nguvu hazijarudi.

Kwa bahati nzuri barabara hii imejaa chakula cha baiskeli. Viazi vya nyanda za juu vinauzwa kwa ndoo kandokando. Vichemsheni usiku na maganda yake, vimenyeni, nyunyizeni chumvi, vifungeni kwenye karatasi ya foili au jani la mgomba, viingie mfuko wa nyuma wa jezi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2019, na hata isingekuwa hivyo, inatokesha jasho viazi vikachacha. Ndizi nunueni Kiwira, zilizoiva lakini bado ngumu. Zenye madoa meusi mengi zitageuka uji mfukoni kabla ya kilomita 10. Parachichi la Rungwe ni tamu kweli, lakini mafuta yake yanasagwa taratibu. Libebeni mle nyumbani. Karanga vilevile, labda kiganja kimoja Tukuyu. Mahindi ya kuchoma yana nguvu lakini yanataka kutafunwa, na hakuna aliyewahi kutafuna hindi vizuri huku wenzake wanamwita waondoke.

Chapati na maandazi ni sawa mkiwa mmekaa, moja moja. Kosa ni chapati tatu zinazochuruzika mafuta pamoja na mayai ya kukaanga. Mayai ya kuchemsha ni bora. Supu ya kuku au mbuzi ni chaguo zuri sana Tukuyu kwenye mvua: ina chumvi, ina moto, inatelemka haraka. Mwambieni mama lishe aengue mafuta ya juu. Chai ya maziwa iacheni kwa wenye matumbo yaliyozoea. Maziwa mgando hata mpendeje, yawe ya mwisho wa safari. Kachumbari iliyokaa mezani tangu asubuhi iacheni kabisa. Ndizi unaimenya mwenyewe, chai imechemka, yai lina ganda lake: hivyo ndivyo vyakula salama vya barabarani. Kipande cha sabuni mfukoni kinasaidia pia, maana mikono imeshika mnyororo na breki.

Maji ndiyo watu wa huku wanayoyasahau. Juu ya Isyonje kuna ukungu na baridi, hasa Juni na Julai, kiu haisikiki, mtu anarudi na chupa imejaa. Jiwekeeni angalau nusu lita kwa saa, zaidi mkiwa upande wa chini kwenye jua. Kinywaji cha kutengeneza: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vitano vya chakula vya sukari visivyojaa kupita ukingo, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Mkizidisha sukari, tumbo linajaa maji na kujisikia kubwa. Mkizidisha chumvi hamtainywa. Chupa moja ya hiki, ya pili maji matupu.

Sasa muda. Kundi la watu kumi na wawili halichelewi kwa sababu ya kula, linachelewa kwa kuagiza na kulipa. Mmoja awe na namba ya simu ya mama lishe wa Tukuyu, apige mkiwa Kiwira: chai ya rangi kumi na mbili, chapati kumi na mbili, mayai ishirini na nne, supu sita. Vitu viwe vinachemka mnapoingia. Pesa ichangwe Uyole kabla ya kuondoka, noti ndogo, mtu mmoja alipe mara moja. Mkianza kutafuta chenji ya elfu kumi kila mtu kivyake, mmeshapoteza dakika 20. Dakika 30 Tukuyu zinatosha. Kiongozi akivaa kofia na glovu, kila mtu anasimama. Maneno ya “tumalizie tu hii” hayana mwisho.

Chagueni banda lililo upande wenu wa barabara, yaani kushoto, ili kundi lisikatize mbele ya malori na mabasi. Lisiwe kwenye kona wala chini ya mteremko. Baiskeli zipangwe mahali mnapoziona mkiwa mmekaa, mnyororo mmoja wenye kufuli upitishwe kwenye fremu zote.

Wakati wa kwenda, Isyonje simameni dakika tano tu, kabla ya kushuka, wala si baada. Mmepanda, mmelowa jasho, na mteremko wa kwenda Kiwira utawagandisha vidole hadi breki zishikwe vibaya. Vaeni jaketi la upepo pale juu. Asiye nalo aweke gazeti kifuani ndani ya jezi. Ndizi moja, maji, taa ya nyuma iwashwe, shukeni.

Mkihamia barabara ya Chunya mpango huu haufai. Mpando unaanza karibu na mji wa Mbeya, na huko juu msitegemee banda la chai. Kila mtu atoke na viazi vinne, ndizi tatu na chupa mbili, chai mtaikuta mkirudi mjini.