Chemsheni Pamoja, Ungeni Mbalimbali

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na makazi yetu ni Uyole hapa Mbeya. Miaka miwili ya mwanzo wa ndoa tuligombana jikoni kuliko mahali pengine popote, na chanzo kilikuwa nazi.

Kwetu, maharage bila tui hayajaiva hata kama yamelainika. Mwenzangu amekulia ndizi na maharage yaliyoungwa kitunguu basi, tui linamkinaisha. Siku moja niliunga sufuria nzima kwa nazi mbili. Alikula vijiko viwili, akashukuru, akaenda kulala. Niliona ni dharau, nikalia. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba alilala na njaa, ila alihofia kunivunja moyo.

Tulijaribu kupika sufuria mbili tangu mwanzo, tukashindwa na mkaa. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule pwani. Maharage yanakawia kuiva. Nilipohamia nilidhani nauziwa ya zamani! Ukichemsha mara mbili, gunia la mkaa linaisha hujui limekwendaje.

Sasa nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nachemsha yote pamoja mpaka yalainike. Hapo ndipo tunapoachana njia: nusu naipeleka kwenye sufuria ndogo yenye tui langu, nusu naiunga kitunguu na nyanya kwa ajili ya ndizi zake. Kuunga ni dakika kumi tu. Nikichemsha mengi, ya kesho nayaacha bila kuungwa, maana yenye tui huchacha upesi. Mchicha na samaki nafanya vivyo hivyo. Pilipili inakaa kwenye kisahani, kila mtu ajichotee.

Kupanga chakula cha wiki tunafanya Ijumaa usiku baada ya kula. Nasisitiza hilo la baada ya kula, kwa sababu tulipokuwa tukipanga na njaa, kila mmoja alikuwa anatetea tumbo lake. Kila mtu anachagua mlo wa usiku mara mbili, na siku tatu zinazobaki ni za vile tunavyopenda sote: wali wa mchele wa Kyela, ugali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, viazi na njegere. Jumamosi tunakwenda soko la Mwanjelwa na karatasi yetu. Ndizi anachagua yeye, anazijua tangu utotoni; nazi nachagua mimi, natikisa nisikie maji. Nazi huku si za bei ya Tanga, kwa hiyo tumekubaliana ni mbili kwa wiki, na hizo hazijadiliwi tena.

Kama nanyi mnavutana, anzeni kwa kuulizana mlikuwa mnakula nini utotoni, na nani alikuwa anapika. Nilipomuuliza mume wangu, alinisimulia ndizi za bibi yake, zilivyokuwa zikiiva polepole penye mafiga huku mvua ya Tukuyu ikinyesha nje. Tangu siku ile nazimenya mwenyewe, hata zamu yangu ya kuchagua ikiwa imefika.