Maswali yenu: ticha wa kompyuta wa mtoto wa A-level anapatikanaje?

Barua za tuisheni ya kompyuta zimekuwa nyingi, na sio ile tuisheni ya Word na Excel, hii ya watoto wa kidato cha tano na sita wanaoandika programu. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu wengi mmeuliza kitu kilekile kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu anasoma A-level ya Cambridge hapahapa Dar, mwaka wa kwanza, amechukua hesabu, fizikia na kompyuta. Hesabu na fizikia sina wasiwasi nae ila kompyuta mtihani wa shule ametia aibu, hasa hiyo wanaita Paper 2. Nikamtafutia kijana mmoja ana digrii ya IT, kaja wiki kadhaa, kila nikipita sebuleni namsikia anaelezea mambo ya mtandao na rauta, mwanangu anaitikia tu, alama hazijapanda hata kidogo. Saizi nimeletewa mwingine anataka elfu 50 kwa saa. Mimi mwenyewe kompyuta siijui, naishia WhatsApp. Nitamjuaje anaejua na anaekula hela yangu? Na wa uhakika nimtafute wapi?
— Mama wa kijana, Mbezi Beach

JIBU: Shikamoo mama. Pole, ila umestuka mapema, wengine wanatuandikia mtihani umebaki wiki tatu.

Kwanza hiyo digrii ya IT. Haina kosa lolote, ila haijibu shida yako. Mtu anaweza kukufungia mtandao wa ofisi nzima ukafanya kazi vizuri na bado Paper 2 ikamshinda, kwasababu ile karatasi haimuulizi mtoto rauta inafungwaje, inampa tatizo inamwambia andika hatua za kulitatua kwa pseudokodi, yaani maandishi yanayofanana na programu ila sio lugha halisi ya kompyuta, kwa mkono, kwa masaa mawili, na hamna kompyuta pembeni ya kumwambia hapa umekosea rudi nyuma. Yaani mtoto ndo awe kompyuta. Kuna waandika programu wazuri kabisa, wanalipwa vizuri, ukiwanyang'anya kibodi ukawapa kalamu wanaanza kutafuta pa kutokea. Kwahiyo unachotafuta wewe ni mtu anaeujua ule mtihani.

Na mtihani wenyewe unajulikana, hamna siri. Silabasi inaitwa 9618, ilianza kutahiniwa 2021 ikachukua nafasi ya ile ya zamani 9608, na hizo namba ziandike mahali maana pasti pepa (mitihani iliyopita) za 9608 bado zimejaa mtandaoni, ukimkuta ticha anazitoa hizo bila kusema chochote ujue hajafungua silabasi siku nyingi. Karatasi ziko nne, kila moja alama 75, na kila moja ni robo ya A-level nzima. Ya 1 na ya 3 ni nadharia, saa moja na nusu kila moja. Ya 2 ndo hiyo inayomtesa kijana. Ya 4 anakaa kwenye kompyuta masaa mawili na nusu anaandika programu zinazofanya kazi kweli, intaneti imezimwa, kwa lugha ya programu ya Python au Java au VB.NET, na kwa kawaida shule ndo inaamua ipi. Muulize mwanao shuleni wanatumia lugha gani kabla hujampigia ticha yeyote. Ticha wa Java kwa mtoto wa Python sio ticha mbaya, ila utamlipa masaa mengi ya kuzoeana.

Sasa kumpima. Usimuulize ana vyeti gani. Muulize hivi: Paper 2 na Paper 4 zina tofauti gani? Anaejua atakujibu hapohapo kwenye simu. Asiejua atakwambia usijali mama, kompyuta ni kompyuta. Huyo mshukuru, mwambie utamtafuta.

Akipita hapo mpe kipindi kimoja cha majaribio, na umlipe, usimfanyishe mtu bure. Mwambie kijana aprinti swali moja la Paper 2 la miaka ya karibuni pamoja na makingi skimu yake, yaani ule mwongozo wa kusahihishia, swali awe nalo mtoto, makingi skimu ubaki nayo wewe. Alafu kaa hapo sebuleni fanya mambo yako, wala huhitaji kuelewa wanachosema. Angalia kalamu iko mkononi mwa nani. Kama nusu saa nzima ticha ndo anaandika na mtoto anatikisa kichwa, hiyo ndo tuisheni uliyokuwa nayo mwanzo, umebadilisha sura tu. Ticha mzuri wa somo hili anaandika kidogo sana. Anamwachia mtoto akosee mpaka mwisho alafu anamwambia haya, tuipitie, x ni 3, lupu (zile hatua zinazojirudia) inaingia mara ya kwanza, x inakuwa ngapi? Mstari kwa mstari kwenye kijijedwali, inachosha kuangalia, unaweza ukadhani hamna kinachofundishwa. Hapo ndo kinapofundishwa. Wakimaliza toa ile makingi skimu, mwambie mtoto ajisahihishe mwenyewe ticha akimwangalia.

Kuna kingine siku hizi lazima ukiulize, hivi vitu vya ChatGPT. Muulize ticha anavitumiaje. Akisema mtoto asiguse kabisa, sijui kama anaishi dunia hii. Akisema mtoto atumie kwenye kazi zote za nyumbani, mkimbie, maana kijana atakuwa anapeleka kazi safi shuleni kila wiki na chumba cha mtihani atakaa anaangalia dari. Mimi ningependa yule anaesema andika yako kwanza, ikishindikana ndo uliza kwanini imeshindikana.

Wapi wanapatikana? Watu wanakimbilia vyuoni, na vyuo vipo kweli, CoICT, ile ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko Kijitonyama pale, DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iko mjini, vijana wa sayansi ya kompyuta wengi wanatafuta hela ya matumizi. Ila mimi ningeanza na mtu mwingine kabisa: kijana aliefanya mtihani huohuo, silabasi hiyohiyo, mwaka mmoja au miwili iliyopita, akapata A. Bado anakumbuka alama zinapopotelea, na wengi wakimaliza wana miezi wako nyumbani wanasubiri chuo. Piga simu ofisi ya shule ya mwanao uulize wahitimu wa karibuni waliofanya vizuri somo hilo, au tupia swali kwenye grupu la wazazi. Na ticha wake wa darasani je, umeongea nae? Sio akufundishie kwa hela, shule nyingine hazitaki mwalimu amfundishe kwa malipo mwanafunzi wake mwenyewe na naona wana haki, ila yeye ndo anajua kijana anakwama kwenye arei (orodha ya vitu chini ya jina moja), kwenye kusoma faili, au hasomi swali mpaka mwisho. Ukienda kwa ticha wa tuisheni na karatasi imeandikwa shida tatu za mtoto unaokoa hela nyingi.

Kuhusu hiyo elfu 50, siwezi kukwambia ni ghali au rahisi kabla hajafanya hicho kipindi cha majaribio. Ninachojua, masaa mawili kwa wiki na kazi ya kufanya mwenyewe katikati ya wiki yanatosha kwa mtoto ambae hesabu anaiweza, sio kila siku, na kama kuna mwenzie darasani ana shida hiyohiyo wakae wawili mgawane gharama, wawili wanabishana na ubishi kwenye programu unasaidia. Lipa kwa kipindi. Anaetaka muhula mzima mkononi kabla hajaanza, hapana. Na hapo sebuleni, mlango wazi, ndo pawe darasa lao siku zote, hata ticha awe mtoto wa dada yako.

SWALI: Salaam kutoka Texas. Binti yangu yupo high school, anachukua AP Computer Science A, ile kozi ya kompyuta ya kiwango cha chuo inayosomwa sekondari huku. Matyuta wa huku wanataka dola nyingi sana kwa saa, nikifikiria nina mpwa wangu Dar kamaliza chuo, mkali wa Python na C++, naona bora hizo hela nimpe yeye wafanye kwa Zoom, tunasaidiana kifamilia. Wazo baya?
— Baba wa binti, Dallas

JIBU: Kaka, wazo sio baya hata kidogo, ila mpwa wako ana kazi ya kufanya kabla hajawasha kamera. Huo mtihani ni Java tupu. Java kwa mtu wa C++ sio mlima, ila huyo wa Python ndani yake atamponza, mfano mdogo tu, 7 gawanya kwa 2, Python inakupa 3.5, Java ukiiwekea namba nzima inakupa 3 na inaendelea na safari. Au kulinganisha maneno mawili kwa ==, kwenye Python yuko salama, kwenye Java amekwisha, inabidi atumie equals. Haya ndo yanayowekwa kwenye maswali ya kuchagua, kwa makusudi.

Pili, mtihani umebadilika na hapa ndo wengi wanapigwa. Kuanzia mwaka wa masomo 2025-26 kozi imepangwa upya, kutoka yuniti 10 zimekuwa 4, urithi wa klasi (klasi moja ya programu kurithi vitu vya nyingine) umetolewa, kusoma data kutoka kwenye faili kumeingia. Maswali ya kuchagua ni 42 kwa dakika 90, yana asilimia 55, alafu manne ya kuandika programu, dakika 90 nyingine, asilimia 45. Kwahiyo kile kitabu cha mitumba ulichokiona bei rahisi kitamfundisha binti wiki mbili nzima kitu ambacho hakiulizwi tena. Na tangu Mei 2025 wanafanyia kwenye Bluebook, programu ya mitihani ya kwenye kompyuta, wanataipu majibu ila hawawezi kuirani (kuiendesha waone kama inafanya kazi), kwahiyo mpwa asimzoeshe kubonyeza rani kila mstari. Ataipu, asome, aape kwamba ni sahihi, ndo wairani pamoja.

Maswali ya kuandika ya miaka ya nyuma yako bure kwenye tovuti ya College Board, hao wenye mtihani, pamoja na jinsi yalivyosahihishwa, mpwa ayafanye yeye mwenyewe kwanza, yote manne, kwa saa moja na nusu. Akiyaweza mpe kazi. Akikwama mpe wiki mbili na CodingBat, tovuti ya mazoezi ya programu, upande wa Java, ni bure, alafu ajaribu tena. Udugu usiingie hapo.

Saa zipangeni mapema. Binti akirudi shule akakaa saa 12 jioni ya Dallas, Dar ni saa 8 usiku, na kipindi cha baridi mkishabadilisha saa zenu huko inakuwa saa 9. Mpwa atasema sawa mjomba wiki ya kwanza, ya tatu anafundisha amelala. Chukueni Jumamosi saa 3 asubuhi kwenu, kwake ni saa 11 jioni au saa 12. Na mlipe, tena kwa wakati. Ukimlipa kama mtu baki utapata haki ya kumwambia kama mtu baki kwamba binti haelewi.

SWALI: Mambo vipi. Mimi niko form five serikalini, bweni, kombi PMCs (fizikia, hesabu na kompyuta). Tunafundishwa C++ lakini mwalimu wa kompyuta ni mmoja na ana vipindi vingi, hela ya tuisheni nyumbani hamna. Nifanyeje?
— Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Poa mdogo wangu. Hela hamna, sawa, tuanzie hapo. Tafuta wenzio watatu wa PMCs mnaoelewana, kila jioni moja ya wiki mmoja anakuja na programu ya C++ ameiandika kwenye daftari na ameiwekea kosa moja makusudi, wengine mnalitafuta kwa penseli. Siku ya maabara mkiipata kompyuta msipoteze dakika kutaipu vitu mnavyoviwaza palepale, ingieni na programu imeshaandikwa kwenye karatasi.

Mwalimu wako mmoja msimfuate na swali la "sir sijaelewa lupu", atakosa pa kuanzia na muda hana. Mpelekee mistari kumi uliyoandika wewe, mwoneshe ulitegemea itoe nini na imetoa nini. Hapo dakika tano zake zinatosha.

Likizo ukifika nyumbani ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), shusha mitihani iliyopita ya kidato cha sita ya Computer Science na zile ripoti zao za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, wanaonesha kabisa mfano wa jibu zuri na wa jibu baya. Watu wanazidharau kwasababu ni ndefu. Printi ya mwaka mmoja tu, stesheneri yoyote, rudi nayo bweni. Na kama mtaani kwenu kuna mtu yuko chuo anasoma kompyuta, wewe na wenzio changeni mumwombe siku mbili tatu za likizo, ila mwende na orodha ya maswali yaliyowashinda. Mkienda mikono mitupu atawafundisha historia ya kompyuta kuanzia abakasi na siku itaisha.