Miche ya migomba ya chupa: bakteria watiwe lini?

SWALI: Nina kitalu kidogo Rungwe. Nimepokea miche 400 ya migomba ya maabara, bado imo chupani. Duka la pembejeo wananiuzia maji ya bakteria, Bacillus subtilis, wanasema yanaimarisha miche na kuzuia mnyauko. Ni kweli? Niyatie lini, na je, naweza kuchanganya na dawa ya ukungu?

JIBU: Ndugu yangu, kuimarisha ni kweli. Kuhusu mnyauko, hapo wamekuongezea chumvi.

Chipukizi la shambani huja na bakteria wake, wanaoishi ndani ya mizizi na tunguu. Maabara huwaondoa hao pamoja na fukusi na minyoo ya mizizi, kwa hiyo mche wa chupa unafika udongoni mtupu, na atakayewahi mzizi ndiye atakayeumiliki. Bacillus akiwahi, hutoa kemikali zinazozuia ukungu, huchochea mizizi midogo kuota na kuuzindua mche ujilinde wenyewe.

Basi watie siku ileile unayotoa miche chupani. Osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu. Vidole vikiteleza, ujue jeli iliyolisha mche chupani bado ipo, na sukari yake ni karamu ya ukungu. Kisha loweka mizizi kama nusu saa, kwa kipimo cha kwenye lebo, ndipo uipande miche. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kwanza, usije ukaua ulichonunua. Rudia kumwagilia shinani siku chache kabla ya kupeleka miche shambani.

Dawa za ukungu zenye kopa (shaba) usichanganye kabisa, zinaua bakteria. Bacillus ana nafuu moja: hujifungia kwenye spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, hivyo hukaa dukani muda mrefu. Pseudomonas, bakteria wa aina nyingine, hana kinga hiyo, na chupa yake iliyoanikwa juani dirishani huenda ikawa maji tu. Soma tarehe ya mwisho na idadi ya bakteria hai kwa mililita. Lebo isiyotaja idadi, mrudishie mwenye duka.

Sasa mnyauko. Ule wa bakteria uliotesa Kagera huingia kwa wadudu wanaotembelea ua dume na kwa panga lenye maambukizi, wala dawa ya mizizini haiufikii. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho ikitoka, na panga lipitishe motoni kila unapohama shina. Mnyauko fuzari, ule wa ukungu, hukaa udongoni; Bacillus anaweza kuupunguza kasi, ila shamba lililokwisha kuugua usipande migomba ya kisukari hata ukimwaga pipa zima.

Miche 40 iache bila bakteria. Baada ya wiki sita ng'oa mitatu kila upande, suuza udongo, linganisha mizizi. Ila nailoni unayofunikia miche kutunza unyevu usiifunue mapema: matundu ya kupumulia ya majani ya chupani hayajajua kujifunga, mche hukauka kwa siku moja, kisha lawama zinawaangukia bakteria.