Uliza Bi Mwalimu: Wayahudi wamewezaje kushika mila zao miaka yote hii?

Wapendwa wasomaji, safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja, na mimi nafurahi kwa sababu ni jambo linalonikaa moyoni. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Niko Newala. Kanisani tulisomewa habari ya Waisraeli kupelekwa utumwani Babeli, mchungaji akasema Wayahudi mpaka leo wanafanya Pasaka ile ile ya Musa. Nikajiuliza, mbona sisi kizazi kimoja tu mambo yamekwisha? Mwanangu wa Dar alimleta mjukuu achezwe unyago, wakakaa wikiendi, Jumapili wakapanda basi, mtoto hajui hata wimbo mmoja. Wenzetu wamewezaje, ni pesa au nini? – Mama Mkubwa, Newala

Marahaba mama mkubwa. Pesa hapana. Wayahudi wengi kwa karne nyingi walikuwa maskini, halafu wanafukuzwa nchi moja wanaenda nyingine wameacha nyumba na kila kitu. Mimi ninavyoona kilichowabakisha ni kwamba dini yao waliiingiza nyumbani, wakaiweka mezani, kila mtu ana kazi yake pale, mama ana yake, baba ana yake na mtoto mdogo naye ana yake.

Tuanzie mbali kidogo. Hekalu la kwanza la Yerusalemu lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK, watu wakachukuliwa mateka, ndo ile Zaburi ya 137 ya kando ya mito ya Babeli waliketi wakalia. Wakarudi wakajenga la pili, na hilo Warumi wakalichoma mwaka 70 BK na halijajengwa tena mpaka leo. Sasa piga picha, dini ambayo sadaka ni hekaluni, makuhani ni hekaluni, sikukuu kubwa watu wanapanda kwenda hekaluni, halafu jengo halipo. Ingeweza kabisa kufa pale pale. Kulikuwa na mzee mmoja mwanachuoni, Yohanan ben Zakkai, masimulizi yao yanasema mji ulipozingirwa wanafunzi wake walimtoa nje amelala ndani ya jeneza kama maiti, akafika kwa mkuu wa jeshi la Warumi akaomba aachiwe mji mdogo wa Yavne pamoja na wanachuoni wake. Huko wakakaa wakapanga upya, sala zikashika nafasi ya sadaka, na meza ya chakula ikaanza kuheshimiwa kama madhabahu. Mpaka leo Ijumaa jioni Myahudi akikata mkate wa Sabato anauchovya kwenye chumvi kabla ya kula, kwa sababu sadaka za hekaluni zilikuwa zinatiwa chumvi. Mtoto anaona hiyo chumvi kila wiki ya maisha yake, atasahau vipi?

Na hiyo Pasaka ndo somo lenyewe. Wanakula mkate usiotiwa chachu, na kuutengeneza kuna sheria kali, tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive zisipite dakika 18, maana babu zao walitoka Misri mbio unga haujaumuka. Kuna mboga chungu ya kukumbuka uchungu wa utumwa, kuna maji ya chumvi ya kukumbuka machozi. Lakini chakula chote hicho hakiliwi kimya kimya. Mtoto mdogo kuliko wote ndo anafungua, anauliza kwa sauti kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote, na wakubwa wanalazimika kumjibu kwa kusimulia habari nzima. Kama hakuna mtoto mke anamuuliza mume, na kama mtu yuko peke yake kabisa anajiuliza mwenyewe, hiyo imeandikwa kwenye Talmud, mkusanyiko wao mkubwa wa sheria na mafundisho ya wanachuoni. Yaani walihakikisha swali haliachwi hata siku moja.

Sasa mama mkubwa tazama sisi. Hapa kwetu ming'oko watu wanachimba porini wanachemsha wanauza mpaka stendi, watoto wanakula wanashiba wanakimbia kucheza, ila wazee wetu wana habari nzito za miaka ya njaa ambayo hiyo ming'oko ndo iliwavusha. Nani anawaambia watoto? Sahani iko mezani, habari haiko, hapo ndipo tunapopishana na wenzetu.

Kwa hiyo mimi sikulaumu wewe wala mwanao, maisha ya Dar yanajulikana na likizo za shule fupi. Nakushauri usingoje sherehe. Huyo mjukuu akija tena chagua wimbo mmoja tu, uimbe naye kila jioni mkiwa jikoni, akuulize maana yake na wewe ujibu bila kumkemea. Kufupisha sio dhambi. Hata huko Masasi Askofu Vincent Lucas wa Anglikana, miaka ya 1920 na kuendelea, alikubali jando liendelee kwa Wakristo, likatiwa sala za kanisa na kupunguzwa baadhi ya mambo, na wazee waliokubaliana naye hawakuwa wajinga, walijua wanaokoa nini.

*

Bi Mwalimu habari za kazi. Mimi ni nesi Nachingwea. Nasikia Wayahudi siku ya Sabato hawawashi hata jiko. Je mtu akizidiwa usiku huo, wanamwacha? – Nesi N.

Nzuri mwanangu, pole na zamu. Hawamwachi hata kidogo. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama, siku inahesabiwa kuanzia magharibi kama wazee wetu wa pwani wanavyohesabu, mpaka Jumamosi usiku nyota zikionekana. Kuna aina 39 za kazi zilizokatazwa na kuwasha moto ni mojawapo, ndo maana chakula cha Jumamosi kinakaa kwenye moto mdogo uliowashwa tangu Ijumaa. Lakini roho ya mtu ikiwa hatarini sheria karibu zote zinapisha, unawasha taa, unaendesha gari, unampeleka hospitali, na ukichelewa kwa kisingizio cha Sabato wewe ndo mwenye kosa.

Nikupe mfano unaoniliza kila nikiukumbuka. Pasaka ya mwaka 1944, kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani, mkate usiotiwa chachu haukuwepo, kulikuwa na kipande cha mkate wa kawaida ambao kwa Pasaka ni haramu, na asiyeula anakufa. Marabi, yaani walimu wa dini yao, waliokuwa wafungwa pale wakatunga dua ya kusema kabla ya kuula, wakimwambia Mungu kwamba unajua tunataka kutimiza amri yako, ila njaa inatuzuia na wewe umetuamuru tuishi. Watu wakala huku wanasoma dua. Wayahudi milioni 6 waliuawa katika miaka ile, na katikati ya kifo namna hiyo mtu bado anaomba ruhusa ya kula mkate! Mimi nikisikia mtu anasema mila ni ukaidi wa wazee namkumbusha hao.

*

Mambo vipi Bi Mwalimu, shkamoo. Hivi wale waliolazimishwa kubatizwa huko Ulaya si walipotea moja kwa moja? Mi naona mtu akikatazwa dini yake miaka mia, mjukuu hajui kitu. – Kijana wa Kilwa Masoko

Marahaba kijana. Wengi ndiyo walipotea, hilo tusifiche. Ila wewe ni wa Kilwa kwa hiyo hii habari ina mtu unayemjua. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, yule aliyetuma meli za jemadari wake Almeida zikaja kuteka na kupora Kilwa mwaka 1505, ndo huyo huyo aliyewalazimisha Wayahudi wa nchi yake kubatizwa mwaka 1497. Hispania jirani yake ilikuwa imeshawafukuza wa kwake mwaka 1492, wengine walikimbilia Ureno wakadhani wamepona. Baadaye, mwaka 1536, ikaanzishwa mahakama ya kanisa ya kuwasaka wanaojifanya Wakristo huku nyumbani wanafanya ya kwao, na ilidumu mpaka 1821.

Kuna mji mdogo milimani huko huko Ureno unaitwa Belmonte. Pale familia kadhaa zilikuwa zinakwenda kanisani kama wengine, ila Ijumaa jioni mama anawasha taa ya Sabato akiificha isionekane dirishani. Sikukuu nyingine walikuwa wanazisogeza kidogo, maana wapelelezi nao walikuwa na kalenda. Vitabu vilikuwa hatari, hivyo sala zilikaa vichwani mwa wanawake, bibi anamfundisha binti kwa mdomo, na ukitaka kujua nani aliongoza ibada ni hao hao akina bibi. Mwaka 1917 akafika injinia wa migodi, Samuel Schwarz, Myahudi wa Poland, akasikia minong'ono kwamba kuna Wayahudi mjini. Akina mama hawakumwamini, walishazoea kuwa wao ndo wa mwisho duniani. Bibi mmoja mzee akamwambia basi sali tukusikie. Akasali kwa Kiebrania, lugha ambayo walishaisahau kabisa, lakini alipofika kwenye jina Adonai wakafunika macho, kwa sababu hilo jina la Mungu peke yake walikuwa bado wanalo. Zaidi ya miaka 400 hiyo kijana wangu. Mwaka 1996 Belmonte ikafunguliwa sinagogi, mchana kweupe.

*

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu wa Lindi mjini. Nikiona picha za watoto wa Palestina roho inaniuma, halafu nasoma watu wanasifia Wayahudi. Ni sawa kweli mimi kujifunza kutoka kwao? – Abuu, Lindi

Waalaykum salaam Abuu. Roho kukuuma ni haki yako na mimi inaniuma, wala sitakuambia uache. Ila tofautisha serikali inayoamua vita na bibi wa Belmonte anayeficha taa yake, tofautisha pia na Wayahudi wengi duniani ambao wenyewe wanabishana vikali kuhusu hiyo vita. Qur'ani yenyewe imewaita watu wa Kitabu.

Nikusimulie ya Sarajevo huko Bosnia. Kuna kitabu cha Pasaka cha Wayahudi kilichoandikwa na kuchorwa kwa mkono Hispania kwenye karne ya 14, kina rangi na dhahabu, na kurasa zake zina madoa ya divai ya watu waliokitumia mezani vizazi na vizazi. Kilitoka Hispania na waliofukuzwa, na mwaka 1894 jumba la makumbusho la Sarajevo likakinunua. Mwaka 1942 jenerali wa Kinazi akaja kukichukua. Mkutubi wa pale, Derviš Korkut, Muislamu msomi, akakitoa kwa siri kikaenda kufichwa kijijini milimani, na masimulizi yanasema kilikaa msikitini mpaka vita ikaisha. Huyo huyo Korkut na mkewe walimficha nyumbani kwao binti wa Kiyahudi, wakamvalisha kama Muislamu. Halafu mwaka 1992 Sarajevo ikapigwa mabomu tena na kitabu kikaokolewa tena, na aliyeingia kukitoa alikuwa Muislamu vilevile. Kwa hiyo wewe kujifunza kutoka kwao sio kitu kigeni katika dini yako Abuu, kuna wenzako walihatarisha shingo zao.

*

Bi Mwalimu shikamoo. Babu yangu alipigana vita ya Kagera. Rafiki yangu anasema Uganda kuna Wayahudi weusi kabisa, mi nikabisha. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Masasi

Marahaba mjukuu, rafiki yako ndo mkweli, na babu yako anahusika kuliko unavyodhani.

Wanaitwa Abayudaya, wako karibu na Mbale mashariki mwa Uganda. Walianza na Semei Kakungulu, Mganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuteka eneo lile kisha wakakosana. Alikuwa anasoma Biblia sana, akaona Agano la Kale linatosha, mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe na wafuasi wakamfuata. Hawakurithi hiyo dini kwa damu, waliichagua, na kuichagua kuna gharama yake. Idi Amin alipoingia akapiga marufuku dini ya Kiyahudi, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, waliobaki wachache wakawa wanasali kwa kujificha.

Sasa sikia. Kampala iliangushwa na jeshi letu pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndo Pasaka ilikuwa inaingia, sikukuu ya kutoka utumwani! Vijana wa Tanzania waliokuwa barabarani na bunduki wala hawakujua. Wenyewe Abayudaya hawaisahau.

Baada ya hapo vijana wao wakaanza kujenga upya pale kilimani Nabugoye, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, akatawazwa kuwa rabi baada ya masomo Marekani. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda na kwa mahadhi ya kwao. Na sio hao tu, Wayahudi wa Ethiopia walishika Sabato kwa karne nyingi bila kuwa na hiyo Talmud niliyoitaja juu, na Mei 1991 zaidi ya watu 14,000 walibebwa kwa ndege kwenda Israeli ndani ya siku mbili.

Ukimaliza shule ukapata nauli Mbale panafikika kwa basi. Nenda Jumamosi asubuhi, vaa nguo ya heshima, simu izime kwa sababu Sabato hawapigi picha, na uwaambie babu yako alikuwepo mwaka 1979.