Glutameti si sumu ya kufukuzwa ubongoni

SWALI: Daktari, salaam. Kijana wangu wa miaka 19 ana kifafa, na kwa miaka miwili dawa alizoandikiwa zimemtuliza. Mwezi uliopita muuzaji wa virutubisho alimpima mkojo, akasema ubongo wake umejaa sumu iitwayo glutameti. Alimpa vidonge vya "kufunga vipokezi", akamkataza kiungo chochote chenye glutameti, na akamshauri aanze kupunguza dawa za hospitali. Je, kuna ukweli wowote?

JIBU: Mama, la dharura kwanza. Kijana asipunguze dawa hata nusu kidonge kabla ya kuonana na daktari anayemtibu. Kama ameshaanza kupunguza, amweleze daktari huyo leo hii bila kuficha, wala asijiongezee dozi ili kufidia alizoruka. Kukatiza dawa za kifafa kunaweza kuleta mitukutiko isiyokoma, nayo huua. Ukimpanda mtukutiko unaozidi dakika 5, mkimbizeni hospitali.

Sasa hilo neno "sumu", ambalo wagonjwa huniletea kliniki wakiwa wamelisoma kwenye kibandiko cha chupa. Glutameti ndiyo kemikali kuu ambayo seli za neva huitumia kuamshana, na ubongo huitengeneza wenyewe kila wakati. Hata GABA, kemikali ya kutuliza ambayo wauzaji hao hao huisifu, hutengenezwa kutokana na glutameti. Kipokezi ni mahali pa seli panapoipokea glutameti; tazama kimoja tu, kile cha NMDA. Ni mlango katika utando wa seli, na ndani ya njia yake imekaa chembe ya magnesiamu kama kizibo. Glutameti ikifika peke yake, hakuna kinachopita. Sharti kemikali nyingine ya ubongoni, glisini au D-serini, nayo ishike mahali pake, na sharti seli iwe imeshaamshwa, kwa kawaida na vipokezi jirani vya glutameti, vya aina ya AMPA, ndipo kizibo kitoke na kalsiamu iingie. Kalsiamu hiyo huiamuru seli iimarishe mawasiliano yake na jirani yake, na hapo ndipo kumbukumbu huanzia. Ikiingia kupita kiasi, kama inavyotokea sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa kiharusi, kalsiamu ile ile huamsha vimeng'enya vinavyoibomoa seli.

Hofu ya kiungo cha chakula ina asili yake. Mwaka 1969 mtafiti John Olney aliwadunga panya wachanga glutameti chini ya ngozi, akakuta seli zimekufa ubongoni. Alisema kweli, lakini dozi zake zilikuwa gramu 0.5 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito, ambazo kwa mtu wa kilo 60 ni sawa na kudungwa gramu 30 hadi 240. Glutameti inayoliwa, sehemu yake kubwa huchomwa na seli za utumbo kama nishati kabla haijaingia katika mzunguko wa damu, na inayobaki huzuiwa na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Maziwa ya mama yenyewe yana glutameti nyingi. Mfano wa chakula kilichowahi kuumiza ubongo kweli kupitia vipokezi vya glutameti ni kome wa Kanada mwaka 1987, waliobeba asidi ya domoiki itokanayo na mwani: watu zaidi ya 100 waliugua, na baadhi yao walibaki na upungufu wa kumbukumbu. Hilo halihusiani na kiungo.

Kama vidonge vile vingekuwa vinafunga vipokezi kweli, ningeogopa zaidi. Mwaka 2007 daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA na kuvipunguza. Mgonjwa, mara nyingi msichana, huanza kuona yasiyokuwapo, kisha hupata mitukutiko na hata kuzimia, na ndugu humdhania amerukwa na akili. Dawa kadhaa za kuvizuia vipokezi hivyo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi, zikashindwa kuwasaidia. Zipo zilizofaulu, kama memantini kwa ugonjwa wa Alzheimer na perampaneli, inayozuia AMPA, kwa kifafa; lakini hata perampaneli hutolewa kwa onyo kwamba inaweza kumfanya mtu awe mkali na mgomvi. Zilipatikana kwa miaka ya majaribio na hutolewa kwa dozi inayofuatiliwa, wakati muuzaji wa mtaani anakuuzia "kufunga" kana kwamba ubongo ni bomba linalovuja.

Kuhusu kipimo cha mkojo, hapo ndipo uvumilivu wangu huishia. Glutameti inayohusika na kifafa humwagwa katika mwanya wa takriban nanomita 20 kati ya seli na seli, kisha astrositi, seli saidizi za ubongo, huifagia ndani ya milisekunde chache. Mkojo haubebi habari hiyo, na hakuna kikombe kitakachoisoma. Kipimo cha namna hii kikiletwa kwako, kwa kifafa, kwa usahaulifu wa mzee au kwa mtoto mtundu, uliza kwanza kama anayekisoma ndiye pia anayeuza chupa. Hivyo vidonge usivitupe. Vipeleke na chupa yake kwa daktari wa kijana, kwa sababu baadhi ya mitishamba hulifanya ini liziondoe mwilini haraka baadhi ya dawa za kifafa, na huenda kiwango cha dawa katika damu yake kikahitaji kupimwa.