Kufungua injini nyumbani na baba

Ndugu yangu, nimekuelewa: injini inakula oili, unataka kuifungua nyumbani, na baba yako amekubali kusaidia. Fanyeni. Mimi na baba yangu tulifanya hivyo, na kilichotuchelewesha ni kusahau kipi kilitoka wapi. Piga picha kila hatua. Kofia (vifuniko) za beringi zinazoshika krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka, na za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na mhimili huo, zitie alama kabla hujazilegeza. Kila moja irudi mahali pake na upande wake uleule. Bolti za silinda hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda), kama kitabu cha gari kinasema zisirudiwe, nunua mpya, ukaze kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa mfuatano wa kitabu. Silinda na krenkishafti apime fundi mwenye mashine, macho hayatoshi. Injini ikining'inia, asiingie mtu chini yake.