Muulize Bi Hesabu: Homurani 60 zilishindwaje na 53?

Msimu wa besiboli umeanza na barua zimejaa. Nyingi ni za ugomvi, nami nimechagua zile ambazo ugomvi wake una hesabu ndani. Matusi kwa Yankees, timu ya New York, nimeyasoma, nimecheka, nimeyaweka kando.

Shikamoo Bi Hesabu. Nafanya kazi ghalani hapa Kent, zamu ya usiku. Kuna kaka mmoja shabiki wa Yankees, tangu 2025 hatuelewani. Cal Raleigh wetu wa Seattle Mariners alipiga homurani 60 (mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja), tena ni mdakaji. Aaron Judge wao alipiga 53, na MVP, tuzo ya mchezaji bora, wakampa yeye. Msimu umeanza na kelele zimeanza upya. Nipe la kumjibu. — Mariners Damu, Kent, Washington

Marahaba mwanangu. Kabla hujaninunia, jua kwamba mimi nami ni wa huku. Usiku ule wa 24 Septemba, Raleigh alipopiga ya 59 na ya 60 dhidi ya Colorado, na Mariners wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001, nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa fagio. Usiniite mtu wa New York.

Na hizo 60 si za kubeza. Mdakaji aliyekuwa na rekodi, Salvador Perez, alipiga 48 mwaka 2021. Mickey Mantle, bingwa wa wanaopiga kwa mikono yote miwili, aliishia 54 mwaka 1961. Ken Griffey Jr., ambaye Seattle wanamtaja kama mtume, hakuvuka 56. Raleigh kawapita wote watatu kwa msimu mmoja, huku siku nyingi akichuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani na mipira ya maili karibu mia ikimjia usoni.

Sasa tuje kwenye kinachokuuma. Wewe umeshika namba moja, homurani. Kila timu ina auti 27 za kutumia katika mechi ya kawaida, yaani mara wachezaji wake wanapotolewa, zikiisha mnarudi nyumbani. Kwa hiyo mimi nikimtazama mpigaji, la kwanza nauliza: kila akishika gongo, anakula auti au anafika besi? Judge alifika besi kwa kiwango cha .457, Raleigh .359. Yaani kila wakisimama mara mia, Judge anakuokolea auti karibu kumi zaidi ya mwenzake. Wastani wa kupiga, yaani mapigo ukigawanya kwa majaribio, ndio usiseme: .331 kwa .247. Nguvu ya mapigo, ambayo huhesabu besi zote alizovuna kwa pigo, ni .688 kwa .589. Homurani saba za ziada hazizibi pengo hilo. Usisahau kwamba warushaji walimwogopa Judge kiasi kwamba mara 36 walimpa besi bure kwa makusudi, bora atembee kuliko kumtupia mpira.

Najua utasema: udakaji je? Hapo una hoja, na hapo ndipo watu wazima waligawanyika. Mmesikia kipimo kinaitwa WAR. Kinauliza hivi: timu ikimkosa mtu huyu na kumpa gari deiwaka kutoka ligi ya chini, itapoteza mechi ngapi? Wanaokokotoa WAR hawakubaliani kuhusu wadakaji. Tovuti ya FanGraphs wanahesabu ule ujanja wa kuupokea mpira wa pembeni kwa glavu tulivu mpaka mwamuzi auone halali. Tovuti ya Baseball Reference hawauhesabu. Ndiyo maana kwa FanGraphs Raleigh anamkaribia Judge, na kwa wale wengine anaachwa mbali. Mkibishana kwa WAR, ulizaneni kwanza ni WAR ya nani.

Halafu kuna uwanja. Pale Seattle hewa ni nzito na ya baridi, mpira unaopaa vizuri kwingine unakufa mikononi mwa mlinzi. Hilo ni la Raleigh, mpe haki yake.

Sasa chukua kalamu, hili ndilo la kumjibu kaka yako. Wapiga kura ni waandishi 30. Nafasi ya kwanza ina pointi 14, ya pili 9. Judge alipata za kwanza 17, Raleigh 13. Kumi na saba mara 14 ni 238, ongeza 13 mara 9, unapata 355. Raleigh: 13 mara 14 ni 182, ongeza 17 mara 9, jumla 335. Ndizo namba zilizotangazwa, maana yake hakuna mwandishi hata mmoja aliyemweka mtu mwingine kati yao. Na waandishi wawili tu wangegeuza karatasi zao, ingekuwa 345 kwa 345. Mwambie hivyo, umtazame anavyokaa kimya.

Kura yangu? Ningempa Judge, tena kwa shingo upande. Udakaji unalipa deni kubwa, ila si lote.

Jambo Mama Hesabu. Sisi ni Wakongo wa Grand Rapids, Michigan, nyumba nzima ni ya Detroit Tigers. Kijana wangu anasoma takwimu chuoni. Amerudi likizo na kusema mbele ya baba yake kwamba mwaka 2012 Miguel Cabrera alipewa MVP ya Mike Trout. Baba yake aliacha chakula, akaondoka mezani. Nani ana haki? — Mama wa Nyumba ya Tigers

Jambo mama. Mpelekee mzee sahani yake kwanza, maana anayoyatetea si madogo. Mwaka ule Cabrera aliongoza American League, moja ya ligi mbili za ligi kuu, kwa mambo matatu kwa pamoja: wastani .330, homurani 44, na rani (alama) 139 alizoziingiza kwa gongo lake. Mtu wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Carl Yastrzemski mwaka 1967. Miaka 45 imepita, halafu anatokea mtu wa timu yenu. Ningekuwa mzee, hata mimi ningeondoka mezani.

Lakini kijana hakutoa maneno hewani. Trout alipandishwa na timu yake ya Angels kutoka ligi ya chini tarehe 28 Aprili, umri miaka 20, mwezi mzima karibu umeshamkosa. Akamaliza na wastani wa .326 na homurani 30. Akaiba besi 49 na kukamatwa mara tano tu. Akafunga rani 129, hakuna aliyemfikia katika ligi. Na alikuwa analinda katikati ya uwanja. Kuna siku ya Juni pale Baltimore, J.J. Hardy aliupiga mpira uende zake nje. Trout akakimbia kinyumenyume, akaruka, glavu ikapita juu ya ukuta, akashuka nao. Hardy akabaki anatazama. Homurani ile haiko kwenye safu ya mtu yeyote, si ya Hardy wala ya Trout, na hapo ndipo mashabiki wa zile namba tatu wanapopotea: kazi iliyozuia rani haiandikwi zilipoandikwa zile 139.

Tuziangalie na hizo 139 zenyewe. Mtu haingizi rani peke yake ila kwa homurani. Zilizobaki anamwingiza mwenzake aliyekwisha kufika besi. Cabrera alipiga wa tatu, na mbele yake alikuwapo Austin Jackson, aliyefika besi kwa .377 mwaka ule. Trout alikuwa wa kwanza kupiga: kila mechi anaanza na besi tupu, na baadaye anayemtangulia ni wa tisa, yaani yule dhaifu wa mwisho. Bado akaingiza 83. Na kuna jambo watu wa Detroit hawapendi kulisikia: Cabrera aligonga mipira ya chini iliyozaa auti mbili kwa mpigo mara 28, wa kwanza kwa wingi katika ligi. Trout, mwenye miguu ya swala, saba.

Waandishi walimpa Cabrera kura za kwanza 22 kati ya 28. Wengi walisema aliipeleka timu yake kwenye mtoano. Hoja hiyo inanitia hasira mpaka leo. Tigers walishinda mechi 88. Angels walishinda 89! Wakakaa nyumbani kwa sababu kundi lao la magharibi lilikuwa gumu zaidi. Mchezaji anapewaje lawama ya ramani?

Kwa hiyo hesabu iko kwa kijana. Ila adabu hana. Neno “alipewa” limfanye aombe radhi, kwani Cabrera hakupewa sadaka, na mwaka uliofuata aliitwaa tena. Trout naye alikuja kuchukua zake tatu: 2014, 2016 na 2019. Hakuna aliyekufa njaa.

Habari Bi Hesabu. Naangalia vipande vya besiboli kwenye simu. Nasikia “anapiga tatu mia” kama sifa kubwa. Nikikokotoa, huyo anakosa mara saba katika kumi. Shujaa wa namna gani? — Mgeni wa Mchezo, Temeke

Njema mwanangu, na umekokotoa sawasawa. “Tatu mia” ni wastani wa .300: mapigo yaliyomfikisha besi, gawanya kwa mara alizojaribu, hadi tarakimu tatu. Mara alizopewa besi bure hazimo kwenye hesabu hiyo, na ndiyo kasoro yake kubwa. Ushujaa unatoka hapa: mpira wa maili 95 kwa saa unafika kwa mpigaji chini ya nusu sekunde, unapinda njiani, na kuna watu tisa wenye glavu wanaongoja kuudaka. Ukianza kufuatilia, tazama kiwango cha kufika besi kabla ya wastani. Utawazidi akili nusu ya watangazaji.

Shikamoo Bi. Mchezaji wangu ana .390 na Aprili ndiyo inaisha. Nimewaambia jamaa hapa Columbus kwamba mwaka huu .400 inavunjwa. Wananicheka. Nimekosea? — Shabiki Mwenye Imani, Ohio

Marahaba. Jina la mchezaji wako nimelifuta makusudi, kwani gazeti likikufikia huenda ameshashuka.

Mwisho wa Aprili mtu amepiga kama mara mia. Tuseme kwa uwezo wake halisi ni mpigaji wa .300. Katika mara mia unategemea mapigo 30. Lakini bahati peke yake, bila yeye kujifunza wala kusahau kitu, inamtupa popote kati ya 25 na 35 takriban mara mbili katika tatu, na wakati mwingine inamtupa mbali zaidi. Mpira ukidondoka hatua moja mbele ya mlinzi ni sifa, ukidondoka kwenye glavu ni auti, na gongo lilikuwa lilelile. Akifika mara 550 mwezi Septemba, bahati ileile inambana kati ya .280 na .320. Ndiyo maana Aprili kuna wafalme wengi.

Luis Arraez, mwaka 2023 akiwa na Miami, alikuwa bado anaigusa .400 mwezi Juni. Alimaliza na .354, na akaongoza ligi nayo. Judge mwenyewe mwanzoni mwa Mei 2025 alikuwa juu ya .400, akaishia ile .331 niliyomwambia mwenzako wa Kent. George Brett alifika .390 mwaka 1980. Tony Gwynn .394 mwaka 1994, mgomo ukaukata msimu katikati ya Agosti, na watu wa San Diego wanaugulia mpaka leo.

Wa mwisho kuifikisha katika American League na National League ni Ted Williams wa Boston, mwaka 1941. Siku ya mwisho aliamka na .39955, ambayo ikikadiriwa inasomeka .400. Angeweza kukaa benchi. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo kule Philadelphia, akapata mapigo sita katika nane, akafunga msimu na mapigo 185 katika mara 456. Gawanya mwenyewe: .406. Na MVP ya mwaka ule? Walimpa Joe DiMaggio wa Yankees, aliyepata pigo katika mechi 56 mfululizo. Mnaodhani ugomvi huu umeletwa na kompyuta, someni magazeti ya 1941.

Kama unataka dalili ya mapema iliyo bora kuliko wastani, tazama kasi ya mpira ukitoka gongoni. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vinaipima. Mchezaji wako akiwa anaugonga kwa maili 95 na zaidi mara kwa mara, ana kitu. Akiwa na .390 ya vijipigo vinavyodondoka nyuma ya walinzi, waombe radhi jamaa zako mapema.

Bi Hesabu, ameshawahi Mwafrika aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu? — Mrushaji Mdogo, Jinja

Ameshawahi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimpiga Jon Lester wa Chicago Cubs pigo safi, na kwa dakika zile wastani wake ulisomeka 1.000. (Shabiki Mwenye Imani, umeona?) Na ninyi wa Uganda mna lenu: watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, Williamsport, mwaka 2012, na waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Endelea kurusha, ila usirushe kila siku. Bega la mtoto linahitaji kupumzika.

Na ninyi mliotuma mikeka niipitie kabla hamjaweka hela, barua zenu nimezichana.